Mashine Imeandika, Nani Amesoma?

Katika ukoo wetu mimi ndiye "daktari". Nimeeleza mara nyingi kwamba udaktari wangu ni wa falsafa, na kwamba nilichokichunguza kwa miaka ile yote ni mwenendo wa serikali za mitaa wala si mwenendo wa ini au figo, lakini maelezo hayo hayajawahi kumzuia mtu kufungua kinywa nimtazame koo. Nimeletewa chupa za dawa nisome maandishi yake, nimeletewa picha za eksirei, na mara moja nililetewa mtoto mwenye surua. Kwa hiyo mjomba wangu alipofika kutoka kijijini mwaka jana akiwa na bahasha ya kaki kwapani, sikushangaa. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa. Akatoa karatasi ya rangi ya waridi, yenye miraba midogo kama ya daftari la hesabu, na juu ya miraba hiyo mistari myeusi iliyopanda na kushuka.

"Mjomba," alisema, "daktari wetu ni wewe. Nisomee."

Mjomba ana miaka 67 na amelima maisha yake yote. Hospitali alikwenda kwa jambo jingine kabisa, ngiri iliyokuwa ikimsumbua, na kabla ya upasuaji akapimwa umeme wa moyo, kipimo ambacho wengi wetu tunakiita kwa herufi zake tatu, ECG. Juu ya karatasi mashine yenyewe ilikuwa imechapa mistari mitatu ya Kiingereza: kwamba mwenendo wa moyo si wa kawaida, kwamba huenda sehemu ya msuli wa moyo iliwahi kuumia, na kwamba baadhi ya mawimbi yana kimo kikubwa. Chini yake palikuwa na neno lenye maana ya "haijathibitishwa", na mahali pa kuandika jina la mthibitishaji. Mahali hapo palikuwa patupu. Aliyemkabidhi karatasi alimwambia kwamba aliwahi kupata shambulio la moyo, upasuaji umeahirishwa, ataitwa. Majuma sita yalipita bila kuitwa. Katika majuma hayo aliacha kushika jembe, aliacha kupanda mlima kwenda kanisani, na akawaita wanawe wote kuwagawia shamba.

Nilimweleza kwamba siwezi kuisoma, ila namfahamu anayeweza. Tangu siku hiyo nimejifunza misingi ya karatasi ile kwa bidii ambayo sikuwa nayo hata nilipokuwa nikiandika tasnifu, na ningependa kuieleza hapa, kwa sababu naamini inawahusu wanafunzi wangu na watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu kuliko wanavyodhani.

Moyo ni msuli, na msuli haukazi mpaka uamriwe na umeme. Umeme huo mwili hujitengenezea wenyewe. Kila seli ya moyo imezungukwa na utando unaotenga chumvi: potasiamu nyingi ndani, sodiamu nyingi nje. Milango ya utando inapofunguka chumvi hizo huhama, na kuhama kwake ndiko umeme wenyewe. Amri huanzia katika kifundo kidogo kilichoko juu, upande wa kulia wa moyo. Huenea katika vyumba viwili vya juu, husubiri kidogo katika kifundo cha pili kilichoko mpakani, kisha hushuka kwa kasi kupitia nyuzi maalumu hadi vyumba viwili vya chini, ambavyo ndivyo vinavyosukuma damu mapafuni na mwilini. Kule kusubiri mpakani kuna kazi yake: kusingekuwapo, vyumba vya chini vingekaza kabla ya kujaa. Kifundo cha juu kilielezwa mwaka 1907 na Arthur Keith pamoja na Martin Flack. Nawakumbusha vijana wangu kwamba Flack alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari, naye ndiye aliyekiona kwanza, katika moyo wa fuko.

Umeme huu hufika mpaka kwenye ngozi, ila ukiwa hafifu mno, kadiri ya milivolti moja. Betri moja ndogo ya rimoti ya televisheni ina volti mara 1,500 ya hiyo. Ndiyo maana binadamu waliishi na umeme huu vifuani mwao miaka yote bila kuuona. Augustus Waller aliurekodi kwa mara ya kwanza kutoka kwa binadamu jijini London mwaka 1887, kwa chombo chenye zebaki ndani ya mrija mwembamba. Alikuwa na mbwa wake, Jimmie, aliyezoea kusimama na miguu yake katika maji ya chumvi huku mapigo yake yakionyeshwa kwa wageni. Mwaka 1909 suala la mbwa huyo lilifikishwa katika Bunge la Uingereza, mbunge akitaka kujua kama anateswa, na Waziri wa Mambo ya Ndani akajibu kwamba maji yale yalikuwa na chumvi kama ya mtu anayetembeza miguu ufukweni. Husema nikiwa na wanafunzi kwamba ni kipindi cha maswali na majibu ninachokipenda kuliko vyote. Waller mwenyewe hakutarajia kwamba kipimo hiki kingekuja kutumika sana hospitalini.

Aliyekitoa kipimo kwenye maonyesho na kukifanya kuwa elimu ni Willem Einthoven, aliyezaliwa mwaka 1860 huko Semarang, Java, wakati kisiwa hicho kikiwa koloni la Uholanzi. Katika mji wa Leiden alitengeneza mashine yenye uzi mwembamba kuliko unywele, uliopakwa fedha na kutandazwa katikati ya sumaku kubwa. Umeme wa moyo ulipopita, uzi ulicheza na kivuli chake kikapigwa picha. Mashine hiyo ilikuwa na uzito wa karibu kilo 270 na ilihitaji watu watano kuiendesha. Mgonjwa alikaa mikono yote miwili na mguu wa kushoto vikiwa ndani ya maji ya chumvi. Einthoven ndiye aliyeyapa mawimbi majina ya P, Q, R, S na T tunayoyatumia hadi leo, na mwaka 1924 alipewa Tuzo ya Nobel. Wagonjwa walikuwa hospitalini, mashine ilikuwa maabara, na haikubebeka. Basi mwaka 1905 alisafirisha mapigo yao kwa waya za simu, umbali wa kama kilometa moja na nusu. Jambo hili tutalirudia.

Sasa karatasi yenyewe. Hutembea kwa kasi ya milimita 25 kwa sekunde. Mraba mdogo ni milimita moja, yaani sekunde 0.04, mraba mkubwa una midogo mitano kwa upana, yaani sekunde 0.20. Kwa kwenda juu, milimita 10 ni milivolti moja. Aliyemaliza darasa la saba anaweza kuhesabu mapigo yake mwenyewe: atazame kuna miraba mikubwa mingapi kati ya kilele kirefu na kilele kinachofuata, kisha agawanye 300 kwa idadi hiyo. Miraba minne ni mapigo 75 kwa dakika. Mitano ni 60. Mapigo yasipofuatana kwa usawa hesabu hii haifai, na badala yake huhesabiwa vilele vyote vilivyomo katika miraba mikubwa 30, ambayo ni sekunde 6, na kuzidishwa kwa 10. Lakini kabla ya yote asome pembeni mwa karatasi kama kweli pameandikwa 25 na 10, maana mashine huweza kubadilishwa, na karatasi iliyokwenda kwa kasi ya 50 huufanya moyo mzima uonekane mvivu.

P, wimbi dogo la kwanza, ni vyumba vya juu vikipokea amri. QRS, lenye kilele kirefu na chembamba, ni vyumba vya chini. T, wimbi la mviringo linalofuata, ni vyumba vya chini vikijiandaa upya. Kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS ni kawaida kuwa na miraba midogo mitatu hadi mitano. Ikizidi, amri inacheleweshwa mpakani. QRS yenyewe haitakiwi kufikia miraba midogo mitatu. Ikifikia, kuna njia iliyoziba na umeme unazunguka.

Jambo lililonichukua muda kulielewa ni kwa nini mistari ni mingi ilhali moyo ni mmoja. Mgonjwa hufungwa waya 10: nne mikononi na miguuni, sita kifuani. Kutokana na hizo mashine huunda mitazamo 12, kama watu 12 waliokaa pande mbalimbali za uwanja wakiutazama mpira ule ule. Kanuni ni moja tu: umeme ukimjia mtazamaji, mstari hupanda, ukimpa kisogo, hushuka. Katika watu wengi umeme wa moyo huelekea chini na kushoto. Kwa hiyo mtazamo wa kwanza, unaotazama kutoka upande wa mkono wa kushoto, huona mawimbi yanayopanda, na mtazamo uitwao aVR, unaotazama kutoka bega la kulia, huyaona yakishuka.

Hapo ndipo naweza kurudi kwenye karatasi ya mjomba. Nilimpelekea jirani yangu, muuguzi mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi katika wodi ya wagonjwa mahututi. Hakusoma ile mistari mitatu ya Kiingereza. Aliifunika kwa kiganja, akaweka kidole kwenye mtazamo wa kwanza.

"Mwalimu, unaona? P imepinduka, QRS imepinduka, T imepinduka. Na huku aVR imesimama. Baba, umewahi kuambiwa moyo wako uko kulia?"

"Hapana, mwanangu."

"Basi na hii mitazamo ya kifuani inasema uko kushoto kama wa watu wengine. Waya za mikono zilibadilishana. Ya kulia ilifungwa kushoto."

Mashine ilikuwa imeandika kwa uaminifu kile ilichopewa. Mikono ikibadilishwa, picha ya upande wa kushoto hugeuka juu chini, na programu inayolinganisha mistari na majedwali yake huona kovu la shambulio mahali ambapo hapana kovu. Mjomba alicheka kwanza, kisha akanyamaza muda mrefu. Nadhani alikuwa akilifikiria shamba.

Lakini dada yule hakuwa amemaliza. Alisogeza kidole hadi upande wa pili wa karatasi, kwenye mitazamo sita ya kifuani, ambayo kubadilishana kwa waya za mikono hakuigusi. Akahesabu miraba midogo: bonde la S katika V1, 16, kilele cha R katika V5, 25. Jumla 41. Kipimo cha Sokolow na Lyon, kinachotumika tangu mwaka 1949, husema kwamba jumla ikifika 35 kwa mtu mzima, ushuku kwamba ukuta wa chumba cha chini cha kushoto umenenepa. Ukuta wa moyo hunenepa kama mkono wa mpiga nyundo, kwa kusukuma dhidi ya mzigo, na mzigo huo mara nyingi ni presha. Ni dalili, wala si hukumu. Kijana mwembamba mwenye afya naye anaweza kuvuka 35. Mjomba si kijana. Akamfunga kipimo cha presha: 178 kwa 104. Tukatazama kadi aliyopewa hospitalini siku ile ya kwanza, nayo ilikuwa na presha iliyoandikwa vizuri kwa wino wa bluu, 170 kwa 100. Iliandikwa, kisha ikawekwa kwenye bahasha.

Niliporudiarudia kisa hiki kichwani, kilichoniumiza si zile waya. Ugonjwa wa kweli ulikuwa kwenye karatasi ile ile, nusu yake ya pili, majuma sita mfululizo, ukiwa umerekodiwa kwa usahihi kamili. Hata mstari wa tatu wa mashine ulikuwa umeugusia. Mzee aliogopa shambulio ambalo hakulipata, na hakuogopa presha ambayo ingeweza kumletea kiharusi wakati wowote. Sasa anatumia dawa, na ngiri imeshonwa.

Simlaumu aliyefunga waya. Nimeziona wodi zetu usiku. Hata rangi za waya zina hila yake: katika mashine nyingi zinazofuata utaratibu wa Ulaya, nyekundu ni mkono wa kulia, manjano ni mkono wa kushoto, kijani ni mguu wa kushoto na nyeusi ni mguu wa kulia. Mashine ya utaratibu wa Marekani hutumia nyeupe kwa mkono wa kulia, nyeusi kwa mkono wa kushoto, nyekundu kwa mguu wa kushoto, na kijani kwa mguu wa kulia. Muuguzi aliyezoea ya kwanza, akiletewa ya pili kama msaada wa wahisani, atafunga kila waya mahali pasipo pake akiwa na uhakika kabisa. Sijawahi kuhudhuria hafla ya makabidhiano ya vifaa ambamo mtu alisimama kuuliza rangi za waya.

Watu wengine wataniambia kwamba programu za mashine zinazidi kuwa hodari, na kwamba karibuni msomaji hatahitajika. Sina ugomvi na programu; zinahesabu haraka kuliko mimi na kuliko dada jirani. Ila zinasoma kwa kulinganisha, na lazima tuulize zinalinganisha na mioyo ya nani. Inajulikana sasa kwamba kwa vijana wenye asili ya Afrika, hasa wanamichezo, mstari kati ya S na T unaweza kuinuka na T ikapinduka katika mitazamo ya mbele, V1 hadi V4, na moyo ukawa mzima. Mwongozo wa kimataifa wa kusoma ECG za wanamichezo uliotolewa mwaka 2017 unalitambua jambo hilo. Kijana huyo huyo akisomwa kwa jedwali lililotokana na watu wengine, anaweza kuzuiwa kucheza, kuajiriwa, au kujiunga na jeshi. Sisemi hivi ili tuikatae elimu hiyo kama ya kigeni, kama baadhi ya wenzangu wanavyopenda kufanya. Mawimbi ya P na T hayana utaifa. Nasema tunahitaji wasomaji wetu waliokwisha kuona mioyo mingi ya watu wetu, wakajua ya kawaida inafananaje.

Na kwa magonjwa yetu karatasi hii ina mengi ya kusema. Mgonjwa wa figo ambaye potasiamu yake imepanda huwa na T ndefu yenye ncha kama hema, na hapo dakika zina thamani. Aliyejaa maji kuuzunguka moyo kwa sababu ya kifua kikuu anaweza kuwa na mawimbi mafupi yaliyosinyaa. Binti ambaye vali yake iliharibiwa utotoni na homa ya baridi yabisi anaweza kuonyesha P pana yenye vilele viwili. Vali yenyewe haionekani hapa. Hiyo ni kazi ya kipimo cha eko. Wala karatasi iliyonyooka haimwondolei mwenye maumivu ya kifua shaka yote: ni sekunde 10 tu za moyo unaopiga karibu mara 100,000 kwa siku.

Nilisema tutamrudia Einthoven na waya zake za simu. Alichokifanya mwaka 1905 kinawezekana leo kwa simu ya mfukoni, na wahudumu wengi hukifanya kimyakimya: hupiga picha ya karatasi, humtumia mwenzao aliyebobea, na hungoja jibu. Tangu mwaka 2015 tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, na tuna madaktari bingwa wanaoweza kusoma mstari huu kwa nusu dakika. Kinachokosekana ni utaratibu unaosema karatasi ya wilayani isomwe na nani, ndani ya saa ngapi, na jina lake liandikwe wapi. Bila hivyo usomaji unabaki kuwa fadhila ya rafiki mwenye simu yenye chaji.

Kwa kuwa kazi yangu ni serikali za mitaa, nilimuuliza afisa mipango mmoja wa halmashauri, mtu makini ninayemheshimu, kwa nini mpango wao ulikuwa na mashine mbili za ECG na haukuwa na siku hata moja ya mafunzo ya kuzisoma. Hakukasirika. Alinifungulia vitabu. Mashine, akanionyesha, ziko katika fedha za maendeleo. Zina picha, zina namba, zina mkaguzi atakayekuja kuzihesabu. Mafunzo yako katika matumizi mengineyo, na fedha zikija pungufu, hayo ndiyo hukatwa kwanza. Nikamuuliza kilichobaki kwenye fungu hilo mwaka huo. Akafuatisha kwa kidole mpaka chini ya ukurasa. Karatasi za kuchapia za hizo mashine nazo zilikuwa humo humo, na zilikuwa zimekatwa.